Muhogo ni uleule, wanga si uleule: Njia ya kuutoa ndiyo huamua soko

MKULIMA wa Sengerema au Ukerewe anapong'oa muhogo, mara nyingi huwa ameshajua utakwenda wapi. Utachemshwa jioni hiyo, utaanikwa uwe makopa, au utavundikwa uwe udaga. Ni wachache wanaojiuliza swali ambalo mnunuzi mkubwa wa mjini huanza nalo: wanga uliomo ndani ya muhogo huo utatoka ukiwa katika hali gani?

Swali hilo lina fedha ndani yake. Kiwanda cha nguo, kiwanda cha maboksi, mwoka mikate na mama lishe wote wanatumia wanga, lakini hawatumii wanga wa aina moja. Magunia mawili yanaweza kutoka katika shamba moja, yakawa meupe sawasawa na yakalingana uzito, na bado moja likakubaliwa kiwandani na jingine likarudishwa.

Anayerudishiwa gunia hudhani amedhulumiwa. Mara nyingi sababu iko kwenye njia aliyotumia kuutoa wanga huo. Maji, ukungu, moto, jua, mashine na hata siku moja ya kuchelewa hugusa umbile la wanga kwa namna ambayo macho hayaioni, lakini sufuria huiona.

Wanga na pamba ni ndugu

Ili kuelewa jambo hili, si lazima mtu awe mkemia. Wakulima wa Kanda ya Ziwa wana mfano mzuri shambani mwao wenyewe, kwa kuwa wengi hulima pamba na muhogo kwa pamoja.

Nyuzi za pamba ni selulosi. Unga wa muhogo kwa sehemu kubwa ni wanga. Vyote viwili vimejengwa kwa sukari moja, yaani glukosi, zilizoshikana kama shanga katika uzi mrefu. Wataalamu huita minyororo ya namna hii polisakaridi, maana yake sukari nyingi zilizoungana.

Tofauti iko kwenye jinsi shanga zilivyofungwa. Katika pamba zimefungwa kwa namna inayofanya minyororo inyooke na kulaliana kwa nguvu, hivyo ikawa nyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Katika muhogo zimefungwa kwa namna nyingine, minyororo ikajipinda na kujikunja, na tumbo likaweza kuivunja kuwa sukari. Sukari ni moja, lakini mpangilio tofauti umetoa shati upande mmoja na ugali upande wa pili.

Wanga wenyewe una minyororo ya aina mbili. Upo ulionyooka, uitwao amilosi, na upo wenye matawi mengi kama mti, uitwao amilopektini. Katika muhogo, amilosi ni kama sehemu moja ya tano au pungufu kidogo, na iliyobaki ni yenye matawi. Mahindi yana amilosi zaidi, kama robo. Ndiyo maana uji wa wanga wa muhogo huwa angavu na wenye kuvutika, wakati ule wa mahindi hufifia na kuganda ukipoa.

Minyororo hiyo haikai ovyo. Imepakiwa ndani ya punje ndogo sana, nyingi zikiwa kati ya mikroni 5 na 40, yaani elfu ya milimita 5 hadi 40. Punje ikiwa nzima, haiyeyuki katika maji baridi. Ikipata maji na joto la kuanzia nyuzi 60 hivi, hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na hapo ndipo uji unapokuwa mzito.

Kwa hiyo mnunuzi wa viwandani anaponunua wanga, hununua mambo mawili: punje zilizo nzima na minyororo isiyokatikakatika. Njia ya kutoa wanga inaweza kulinda mambo hayo au kuyaharibu.

Udaga: kazi ya ukungu

Njia iliyozoeleka zaidi katika mkoa wa Mwanza na jirani zake ni ya udaga. Muhogo humenywa, hupigwa jua kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa kwa majani au magunia kwa siku tatu hadi tano. Joto hupanda ndani ya rundo, ukungu huota, muhogo hulainika. Baadaye ukungu hukwanguliwa, vipande huvunjwavunjwa na kuanikwa.

Kinachotokea ndani ya rundo ni kwamba ukungu na bakteria hutoa vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo huanza kuvunja kuta za chembechembe za muhogo, hasa pektini, ambayo ndiyo gundi inayozishikilia. Ndiyo sababu muhogo uliokuwa mgumu kama mti huweza kuvunjwa kwa mkono.

Lakini vimeng'enya haviishii kwenye kuta. Baadhi hushambulia punje za wanga kwa nje, na asidi inayotokana na uchachu husaidia kukata minyororo taratibu. Muhogo ukikaa muda mrefu zaidi, wanga hupungua nguvu na uji wake huwa mwepesi.

Kwa mlaji wa ugali hili si kosa hata kidogo. Ladha, harufu na ulaini wa ugali wa udaga ndivyo vinavyotafutwa, na watu wa kanda hii hawahitaji kuambiwa udaga mzuri ni upi. Tatizo huja pale mfanyabiashara anapochukua unga wa udaga na kumpelekea mtengeneza gundi, akidhani unga ni unga. Uchachu unaosifiwa jikoni ni kasoro kiwandani.

Upo pia mtego wa pili. Rundo lililokaa kupita kiasi au lililokosa jua baada ya kufunuliwa huweza kuota ukungu mbaya unaotengeneza sumu. Udaga unaouzwa ni lazima ukwanguliwe vizuri na ukauke kweli.

Makopa: wanga uliofungiwa

Makopa hayapiti kwenye rundo. Muhogo humenywa, hupasuliwa na kuanikwa moja kwa moja. Hapa punje za wanga hubaki karibu kama zilivyokuwa, lakini hazijatolewa. Zimefungiwa pamoja na nyuzinyuzi na vitu vingine vya muhogo.

Makopa yana soko lake. Mwaka 2017 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuruhusu muhogo mkavu wa Tanzania kuingia katika soko la nchi hiyo, ambako hutumika kutengenezea spiriti na wanga. Mnunuzi wa namna hiyo anavunja minyororo yote iwe sukari, kwa hiyo hajali sana kama punje ni nzima. Anachopima ni ukavu, usafi na kiasi cha wanga.

Viwanda vya bia hufikiri vivyo hivyo. Nchini Msumbiji, bia ya muhogo iitwayo Impala ilizinduliwa mwaka 2011. Kwa bia, wanga ni chakula cha kugeuzwa sukari kisha kilevi. Punje iliyoumia si hasara.

Jambo la kuangalia katika makopa ni usagaji. Mashine inayopiga kwa nguvu na kuchemka hupasua baadhi ya punje. Punje iliyopasuka hufyonza maji hata yakiwa baridi na huvunjwa haraka na vimeng'enya. Katika unga wa kula hilo halisumbui sana, lakini mwoka mikate atalalamika kwamba donge lake linanata na kumeza maji kupita kawaida.

Wanga wa maji: kazi ya siku moja

Anayetaka kuuza wanga wenyewe, ule mweupe usio na nyuzinyuzi, hana budi kutumia maji. Muhogo huoshwa, humenywa na kukwanguliwa uwe rojo. Rojo huchanganywa na maji mengi na kuchujwa kwa kitambaa au chekecheo laini. Maji meupe yanayopita huachwa yatuame, wanga ukazama chini, kisha maji ya juu humwagwa na wanga ukaanikwa.

Ni kazi rahisi kuieleza, lakini kila hatua ina mahali pa kupoteza ubora.

La kwanza ni muda. Muhogo huanza kuharibika siku moja hadi tatu baada ya kung'olewa. Ndani yake vimeng'enya vya mmea wenyewe huanza kugeuza wanga kuwa sukari, na michirizi ya bluu au nyeusi hujitokeza. Anayetaka wanga bora hung'oa kiasi anachoweza kumaliza kukwangua na kuchuja siku hiyohiyo.

La pili ni ukwanguaji. Punje hazitoki mpaka ukuta wa chembe upasuke. Rojo likiwa na mabonge, wanga mwingi hubaki ndani ya machicha na kutupwa. Mwenye mashine yenye meno butu anaweza kudhani muhogo wake hauna wanga, kumbe wanga wake umo kwenye machicha wanayolishwa nguruwe.

La tatu ni chuma. Muhogo una sianidi kidogo, na sianidi ikikutana na chuma chenye kutu huweza kuupaka wanga rangi ya kijivu au ya bluu. Sehemu za mashine zinazogusa rojo ni bora ziwe za chuma kisichoshika kutu. Maji yenye tope au chuma nayo hayafai.

La nne ni utuamishaji. Punje kubwa huzama mapema na ndogo huelea muda mrefu. Anayemwaga maji haraka humwaga pia punje ndogo, akabaki na wanga pungufu wenye punje kubwa tupu. Anayeacha maji yalale siku mbili kwenye joto la Mwanza hukuta yamechacha, na asidi imeanza kukata minyororo. Saa chache hadi usiku mmoja hutosha, na wanga ukioshwa tena kwa maji safi huwa mweupe zaidi.

La tano ni ukaushaji, na hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri ya siku nzima.

Jua si sawa na moto

Wanga ulio mbichi una maji mengi. Ukiupasha joto la nyuzi 60 na zaidi ukiwa bado na maji, punje huvimba na kupasuka papo hapo kwenye kichanja. Ukikauka huwa na madonge magumu yanayong'aa kidogo, na hakuna usagaji utakaozirudisha punje zake.

Hii ndiyo sababu ya kuepuka kukausha wanga mbichi juu ya moto au karibu na jiko. Hata bati lililopigwa na jua la saa saba mchana huunguza mkono, na linaweza kuunguza tabaka la chini la wanga. Vichanja vilivyoinuliwa, vyenye turubai safi na tabaka jembamba la wanga, ndivyo salama. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.

Jua lenyewe pia hufanya zaidi ya kukausha. Ushahidi mkubwa uko Brazil. Wabrazili huacha wanga wa muhogo uchache chini ya maji kwa wiki kadhaa, kisha huuanika juani. Wanga huo mchachu hutumika kuoka mikate midogo ya jibini, nayo huumuka vizuri bila hamira na bila ngano.

Wanga uleule mchachu ukikaushwa kwenye tanuri badala ya jua, mikate haiumuki vile. Watafiti wameeleza sababu: asidi ya uchachu pamoja na mionzi ya jua hukata baadhi ya minyororo na kuibadilisha kidogo kwa kuipa oksijeni. Minyororo iliyobadilishwa huruhusu donge kutanuka mvuke unapolisukuma kutoka ndani.

Hapo ndipo penye funzo kwa mkulima wa ziwani. Kukata minyororo si vibaya siku zote. Ni vibaya pale inapokatika bila kukusudiwa, au inapouzwa kwa mtu anayeitaka nzima.

Mfano wa mwani Zanzibar

Muhogo si zao pekee lenye tabia hii. Tangu mwaka 1989, wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima mwani wa biashara. Mwani huo hukaushwa na kusafirishwa nje ili kutolewa karajinani, ambayo nayo ni polisakaridi, inayotumika kugandisha vyakula kama maziwa ya chokoleti na nyama za makopo.

Viwanda vinaposindika mwani wa aina ya kottonii, huuchemsha katika maji yenye alkali kali. Alkali hiyo huondoa baadhi ya salfa kwenye minyororo na kuikunja upya, na jeli inayopatikana huwa ngumu zaidi kuliko ya mwani uliochemshwa kwa maji matupu. Mwani ni uleule, lakini anayejua kuuchemsha ndiye anayeamua ugumu wa jeli, na ndiye anayepata bei kubwa.

Jikoni kwa Wasukuma jambo hilo linajulikana kwa jina jingine. Mlenda ukitiwa magadi huiva haraka na kulainika, kwa kuwa magadi ni alkali na hulegeza pektini ya majani. Mboga ikitiwa ndimu au ukwaju mapema, hubaki ngumu. Mama anayepika anabadilisha umbile la polisakaridi kila siku bila kuliita hivyo.

Kila mnunuzi na wanga wake

Maboksi yanayobeba minofu ya sangara kutoka viwanda vya samaki ni mfano wa karibu. Tabaka za karatasi za boksi la namna hiyo kwa kawaida hubandikwa kwa gundi ya wanga iliyotiwa alkali, ili wanga uive kwa joto dogo na kushika haraka. Gundi hiyo hutaka wanga wenye mnato unaotabirika. Mzigo wa leo ukiwa mzito na wa kesho mwepesi, mitambo husimama.

Kiwanda cha nguo nacho huchovya nyuzi katika uji wa wanga kabla ya kufuma ili zisikatike. Ni kazi ileile ya kanji inayopigwa kwenye shati la shule kabla ya pasi. Hapa pia kinachotakiwa ni uji wa aina moja kila siku, usio na nyuzinyuzi wala mchanga.

Kwa ufupi, mnunuzi wa bia, spiriti na sukari ya glukosi hununua kiasi cha wanga. Mnunuzi wa gundi na nguo hununua wanga mzima. Mwoka mikate ya namna ya Brazil hununua wanga mchachu ulioiva juani. Mlaji wa ugali hununua udaga. Makosa huanza pale bidhaa ya mmoja inapopelekwa kwa mwingine.

Hesabu kabla ya mashine

Je, inalipa kuacha makopa na kutoa wanga? Jibu liko kwenye hesabu, na hesabu hiyo huanza na kilo.

Kilo 100 za muhogo mbichi, baada ya kumenywa na kukatwa ncha, hubaki kama kilo 80. Zikikaushwa hutoa takriban kilo 30 za makopa. Zikikwanguliwa na kuchujwa vizuri hutoa takriban kilo 20 za wanga. Kazi ikifanywa ovyo, wanga unaweza kushuka hadi kilo 15.

Tuchukue mfano tu, si bei ya soko. Makopa yakiuzwa shilingi 500 kwa kilo, kilo 30 zinaleta shilingi 15,000. Ili kilo 20 za wanga zilete fedha hizohizo, kila kilo iuzwe shilingi 750. Hapo bado hakuna faida, kwa sababu hatujahesabu maji, kukodi mashine, kitambaa cha kuchujia na vibarua.

Yule anayepata kilo 15 badala ya 20 anahitaji shilingi 1,000 kwa kilo ili afike palepale. Maana yake ni kwamba meno butu ya mashine na haraka ya kumwaga maji vinaweza kula faida yote hata kama bei ni nzuri. Mtu asinunue mashine kabla ya kumjua mnunuzi, kiasi anachotaka na wanga wa aina gani.

Msimu nao una hesabu yake. Mvua zinapoanza, mmea huchipua majani mapya kwa kutumia wanga uliouhifadhi kwenye mizizi, hivyo muhogo hupungua wanga. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo yenye faida mbili kwa Mwanza: muhogo una wanga mwingi na jua la kukaushia lipo.

Daraja limefupisha safari

Kwa wakulima wa Sengerema na ng'ambo yake, kikwazo cha siku nyingi kilikuwa kivuko. Gari la muhogo mbichi likikwama kwenye foleni ya Busisi, muhogo uliendelea kuharibika juani.

Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kwa biashara ya wanga, daraja hilo lina maana zaidi ya kupunguza nauli. Muhogo unaong'olewa alfajiri unaweza kufika kwa msindikaji wa jijini ukiwa bado mbichi kweli, na ukakwanguliwa siku hiyohiyo. Kwa Ukerewe, ambako mzigo bado hupanda meli au mtumbwi, busara ni kusindika visiwani na kusafirisha kilicho kikavu.

Sumu, na maji ya ziwa

Kuna sababu nyingine ya kutokubali njia za mkato. Mwaka 1985, ugonjwa wa konzo uliwapata watu wilayani Tarime, mkoani Mara. Konzo hupoozesha miguu ghafla na kilema chake hakiponi. Uchunguzi uliuhusisha na muhogo mchungu ulioliwa bila kusindikwa vya kutosha wakati wa ukame, huku watu wakikosa vyakula vyenye protini.

Muhogo hubeba sianidi ikiwa imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini. Kukwangua, kuvundika na kuloweka huifungua, kisha hutoweka hewani au huondoka na maji. Vipande vikubwa vya muhogo mchungu vilivyoanikwa harakaharaka hubaki na sumu nyingi zaidi. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo wa kula ni sianidi isiyozidi miligramu 10 kwa kilo.

Wanga uliooshwa vizuri kwa maji huwa na sianidi kidogo sana, na hiyo ni sifa ya kuuzia. Lakini sumu haikupotea, imehamia kwenye maji. Maji hayo yakiachwa yatiririke kwenye bwawa la samaki au ufukweni yanaweza kuua samaki kwa sumu na kwa kumaliza oksijeni. Wasindikaji wanaofanya kazi karibu na ziwa wachimbe shimo la kuyapokea mbali na kisima na mwalo. Haifai kutajirika kwa wanga huku jirani anakosa sato.

Vipimo vinne vya nyumbani

Mkulima au kikundi kisicho na maabara kinaweza kujipima kabla ya kupelekwa mzigo sokoni.

Kwanza, koroga kijiko cha wanga katika glasi ya maji baridi na uache kwa saa moja au mbili. Wanga mzuri hutuama na kushikamana chini, maji ya juu yakawa safi. Maji yakibaki na utelezi, punje zimepatwa na joto au zimepasuka.

Pili, pima gramu 50 za wanga kwa lita moja ya maji, pika huku ukikoroga, na ulinganishe na uji wa mzigo uliopita. Ukiwa mwepesi kuliko kawaida, minyororo imekatika. Weka kumbukumbu ya kila mzigo.

Tatu, nusa na uonje maji yaliyotuama juu ya wanga wa kipimo cha kwanza, ukiyatema. Uchachu ni dalili kwamba wanga ulilala kwenye maji muda mrefu.

Nne, dondoshea machicha tone la ayodini ya dawa ya vidonda. Ayodini ikikutana na wanga hugeuka rangi ya bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Machicha hayakosi wanga kabisa, lakini ukilinganisha ya mashine mbili utajua ipi inakuibia.

Kwa hatua zaidi, kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kinajua mbegu zinazofaa kanda hii na zinazostahimili batobato na michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao huozesha mzizi na kuchafua wanga. SIDO na TBS nazo zina ofisi jijini Mwanza, moja kwa habari za mashine na nyingine kwa habari za viwango.

Wakulima wa kanda hii walishazoea kutofautisha pamba safi na pamba fifi, kwa sababu mizani na bei viliwafundisha. Muhogo nao una daraja zake, ila haziko machoni. Mwenye kuanza na mnunuzi, akachagua njia inayotoa wanga anaoutaka mnunuzi huyo, kisha akaifuata njia hiyo kila mara bila kubadilisha, ndiye atakayeacha kurudishiwa magunia.